Faustin, Mguu wa Kwanza

Kuna watu hupewa cheo na kanisa, wengine na chama, na wengine hujipa wenyewe kwenye kadi ya biashara. Faustin alipewa chake na watu waliolowa matako. "Mguu wa kwanza," ndivyo walivyomwita, kwa sababu kila Jumamosi ya kiangazi alipowapandisha kijito cha Kyamulenga, unyayo wake ndio uliotangulia kugusa kila jiwe, nao wakafuata palepale kama vifaranga nyuma ya kuku.

Siku nyingine za juma alikuwa quado katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Quado ni fundi wa kuziba matairi. Alikuwa na kompresa inayokohoa kuliko mchimba madini mstaafu, beseni la maji meusi, na tairi kuukuu la lori lililosimamishwa kando ya barabara kuwa ndilo bango. Unamletea mpira wa ndani, anautia upepo, anauzamisha kwenye beseni, anangoja. Panapotoka povu ndipo penye tundu. Hakuna mpira uliowahi kumdanganya Faustin. Uongo, kwa jinsi alivyoujua, ulikuwa kazi ya watu.

Kyamulenga si mto wa kutisha. Ukipita Kambove na kuendelea kupanda, miti inaanza kuchoka, inakuwa mifupi, kisha inaacha kabisa. Huko juu ni majani tu na upepo, na ardhi nyeusi iliyolowa kama sponji, ambako kijito kinazaliwa bila kelele. Kikifika ukingoni mwa uwanda kinashuka ngazi kwa ngazi, poromoko dogo, bwawa, poromoko, bwawa. Ni maporomoko ya watu wenye vitambi. Hayahitaji kamba wala vyuma. Yanahitaji mikono, miguu, na mtu wa kukuambia uweke wapi.

La kwanza aliliita Kizingiti, kwa kuwa halizidi kimo cha mlango, na asiyeweza kulivuka arudi nyumbani akaangalie televisheni. La pili aliliita Buko. Buko, kwetu, ni mkwe: humtazami usoni, huli naye sahani moja, ukimwona njiani unapinda. Na poromoko hilo pia hulipandi uso kwa uso. Unalipita ubavuni, kwenye ukingo mwembamba, kifua kwenye mwamba, maji yakikumwagikia bega, na chini yako bwawa lenye mawe ambayo hayakumwalika mtu. Ukishalipita Buko, kilichobaki ni matembezi hadi juu, kwenye majani na upepo, ambako watu wa mjini hupiga picha wakinyoosha mikono kama wameumba dunia wao.

Somo lake lilikuwa moja. "Uliza jiwe. Ngojea lijibu. Kiisha njo unatia mwili." Alilipata ujanani kule Kambove, alipokuwa akishuka mashimo ya wachimbaji pekupeku, vishikizo vimechongwa ukutani, giza tupu, na kidole cha mguu ndicho jicho. Jiwe linalocheza, unyayo unalijua kabla ya akili. Alipoacha mashimo, akahamia mjini na kuoa, ujuzi ulibaki miguuni kama lugha ya mama.

Halafu ukaondoka.

Haukuaga. Masika yaliyopita, mkewe Honorine alikuwa anapiga deki akaona alama nyekundu sakafuni, moja moja, kutoka mkekani hadi mlangoni, kama mtu amegonga mihuri. Akazifuata. Mwisho wa alama alikuwa mumewe, anakula bukari kwa sombe, yaani ugali kwa kisamvu, ametulia. Akaukamata mguu, akaugeuza.

"Iko humu tangu lini?"

"Nini?"

"Musumari, Faustin! Musumari mu kisigino!"

Faustin akatazama. Kichwa cha msumari kilikuwa kimeng'aa kwa kutembelewa.

"Quado muzima," Honorine akasema, "misumari ya bantu bote anaitosha mu matairi, yake anaibeba sawa mutoto ku mugongo."

Hakucheka, wala Faustin hakucheka. Msumari ulitolewa kwa koleo, na hata hapo alikuwa anatazama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kinyozini.

Kwenye kituo cha afya wakapima damu: sukari, na si ya jana. Muuguzi akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa ncha ya kijiti.

"Unasikia?"

Faustin hakusikia kitu. Lakini kiti cha plastiki cha muuguzi kililia kila alipoinama, na Faustin, mtu aliyezoea kusikiliza mipira, akawa anajibu kila kiti kilipolia. "Nasikia. Nasikia." Ni mtihani pekee aliowahi kufaulu maishani, na aliufaulu kwa kuiba. Muuguzi alimtazama kidogo, kisha akasema maneno aliyokuja kuyasema: viatu siku zote, mawe na maji hapana, na kila jioni aangalie nyayo kama wengine wanavyofungua Biblia. Honorine alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila kitu, pamoja na kiti.

Ganzi ilianzia vidoleni, ila haikuwa na adabu ya kubaki huko. Mpwa wake akaoa, Faustin akacheza ngoma mahali pa kucheza na kutoa zawadi mahali pa kutoa, akarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Timu yake ikafunga bao, jirani wakapiga sufuria, yeye akauliza saa. Haikuwa huzuni. Huzuni angeitambua, walishapatana zamani. Ilikuwa kama dunia imefungwa blanketi na yeye anaigusa kwa nje.

Kimoja tu ndicho alichokuwa bado anakitaka: Jumamosi. Na ndicho kile ambacho asingeweza kuwa nacho siku watu wakijua. Nani atatia mguu nyuma ya mguu usiosikia? Basi akafunga kinywa. Honorine akasema, akasema tena, akachoka, akamnunulia raba za turubai na soksi nene, akanyamaza kwa namna ya wanawake wanaonyamaza kwa sauti.

Kila mwaka, mvua zikikatika, kabla ya kundi la kwanza, Faustin alikuwa anakwenda Kyamulenga peke yake kuliuliza kila jiwe upya, maana mafuriko huhamisha mawe kama wenye nyumba wanavyohamisha wapangaji. Aliyempeleka siku zote ni Sudi, dereva mwenye basi dogo, mtoto wa familia ya Waislamu wa Maniema waliokaa mjini tangu enzi za babu. Mwaka huu Faustin alimwambia Sudi kwamba ameshakwenda kwa gari lingine. Hakwenda. Alijua atakachokikuta: atauliza, na hakuna jiwe litakalojibu. Akaupanda mto kichwani, amelala chali, jiwe kwa jiwe, jinsi ulivyokuwa mwaka jana.

Kundi la kwanza la msimu lilikuwa la Bénit, kijana wa duka la simu mjini, mtu asiyeamini kwamba jambo limetokea mpaka alione kwenye kioo cha simu. Alikuja na mchumba wake Abigaëlle, mwalimu wa chekechea, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko jukwaa la kwaya. Abigaëlle alikuja na rafiki yake Tracy, msusi wa Kampemba, mwenye kucha nyekundu hadi miguuni na ulimi usio na breki. Nyuma yao wenzao wachache wa kwaya, wanaimba tangu Lubumbashi hata Sudi akatamani redio.

Kambove walisimama kunywa chai. Tracy akamkazia Faustin macho juu ya kikombe.

"Vieux, mzee, weye iko muntu wa wapi?"

"Wa apa apa. Kwetu ni Bena Mbushi. Bantu ba mbuzi."

Tracy akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya urithi.

"Bénit! Umetuleteya mbuzi njo atuongoze? Miye niko Bena Ngo. Chui! Leo sipike kintu, nyama imekuya na miguu yake yenyewe."

Basi lote likacheka. Hata Sudi, ambaye ukoo wake hauna mnyama yeyote, alicheka, maana ameishi nasi vya kutosha. Chui na mbuzi, kwa desturi ya huku, ni banungwe, watani wa ukoo kwa ukoo. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya mama yako. Anaweza kukuvua kofia, kukuficha kijiko, kuja msibani kwako na kumuuliza marehemu kwa nini amelala mchana. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Chui gani anasuka mawigi?" Faustin akajibu.

Kinywa kilijibu chenyewe, kwa mazoea. Watu wakapiga makofi. Yeye akatafuta ndani mwake mahali ambapo kicheko huanzia, hakupaona, akamaliza chai.

Chini ya Kizingiti baridi ilikuwa ya Juni hasa. Faustin akavua raba akavaa soksi za Honorine, jozi juu ya jozi, kisha akainuka kumfungia Abigaëlle kamba za viatu, kwa kuwa vidole vya binti vilikuwa vimekakamaa kwa baridi. Raba zake zikabaki juu ya jiwe. Tracy akachukua kifuniko cha chupa ya soda, kile cha bati chenye meno, akakitumbukiza katika raba ya kulia, meno juu, akamkonyeza Bénit.

"Ngoja mbuzi aruke," akanong'ona.

Ni mchezo wa banungwe, wa siku zote. Mtu anatia mguu, anaruka, anatukana, watu wanacheka, safari inaendelea. Faustin akarudi, akatia mguu, akafunga kamba, akasimama kwa uzito wake wote.

"Tuende," akasema.

Tracy akangoja. Labda kifuniko kimelala ubavu. Labda mbuzi huyu ni mjanja, ananyima chui starehe.

Wakaingia majini, na kelele zikaanza. Maji ya uwanda wa juu mwezi wa Juni hayana undugu na mtu.

"Bénit, umeniua! Miguu yangu imekufa ganzi!" Abigaëlle akapiga kelele.

"Yangu pia!" mwingine akaitikia nyuma. "Sisikie hata vidole!"

Faustin akawasikiliza, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akapumua vizuri. Humu ndani wote walikuwa kama yeye.

"Vieux," Bénit akaita, simu mkononi, "mu video ya mwaka jana ulipanda bila viatu!"

"Mwaka jana nilikuwa kijana."

Akapanda Kizingiti kwa macho. Hilo ndilo alilokuwa akiwakataza wanafunzi wake, kutazama miguu. Sasa hakuutoa mguu wake machoni hata kidogo, akauweka pale kumbukumbu iliposema, akauona umekaa, akaendelea. Kwa walio nyuma yake alikuwa anasema yaleyale, "Uliza jiwe, ngojea lijibu," kama katekista aliyebakiwa na sala tu. Wote wakapita. Wakashangilia kimo cha mlango kama wamempindua mfalme.

Tracy hakushangilia. Alikuwa anatazama raba ya kulia.

"Mbuzi," akasema, "kwato haziwashi?"

"Kwato za mbuzi ni ngumu, mwana chui."

Watu wakacheka. Tracy naye akacheka, ila alichelewa.

Wakafika Buko. Ngurumo ya maji ilikuwa kubwa kuliko mwaka jana, au labda Faustin alikuwa amezoea kulisikia kwa nyayo na sasa amebakiwa na masikio peke yake. Akawapanga: yeye mbele, Abigaëlle nyuma yake kwa kuwa ndiye mwoga, kisha Tracy, kisha wengine mmoja mmoja. Bénit akabaki pembeni apige video ya mchumba wake akishinda hofu. Maneno yake hayo, si yangu.

Faustin akaingia ukingoni, kifua kwenye mwamba. Mkono hapa, mguu pale, mkono. Katikati ya ukingo kuna pengo, na ndani ya pengo jiwe la ukubwa wa kiti lililoshikilia njia tangu aijue njia hiyo. Akaliwekea mguu wa kulia. Akaliona liko mahali pake. Akatia mwili, akavuka, akasimama upande wa pili penye nafasi.

Hakuona, kwa sababu macho yalishatangulia mbele, kwamba jiwe liliinama chini yake kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi, likarudi. Hakusikia pia. Zamani kidole kimoja tu kingemwambia.

Akageuka, akanyoosha mkono.

"Kuya, mwalimu. Tia mguu paka pale nimetia. Jiwe iko muzuri."

Tracy aliliona jiwe likicheza. Na aliona kitu kingine: juu ya jiwe, pale raba ilipokanyaga, wekundu, ukioshwa na maji, halafu turubai ya raba yenyewe, nyekundu pembeni hadi kamba.

"Mbuzi!" akapaza sauti. "Miguu yako imekufa! Usimuite! Mbuzi, uko maiti, utatuulia mutoto wa bantu!"

Wakacheka. Wangefanya nini? Tangu asubuhi amemwita nyama, kwato, mchuzi, na marehemu. Sauti zikaruka kwenye mwamba zikarudi zikiwa kubwa zaidi. Bénit akacheka hadi simu ikatikisika. Abigaëlle mwenyewe akacheka, kicheko kile cha woga kinachotafuta mlango, na akiwa bado anacheka akaunyanyua mguu kuelekea kwenye jiwe.

"Abi, acha! Jiwe inacheza! Vraiment, kweli!"

"Chui ameona njaa!" mtu wa kwaya akajibu kutoka nyuma.

Hapo Tracy akafanya jambo ambalo munungwe hamfanyii munungwe. Alipiga magoti palepale kwenye ukingo uliolowa, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja na kuvipiga polepole, vile anavyopiga mtu mbele ya baba mkwe au mbele ya chifu.

"Baba Faustin," akasema. Si kwa kelele. "Baba, nakuomba. Muambie asitie mguu."

Kicheko kilikatika kama umeme wa mjini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chui amempigia mbuzi magoti; basi jambo si mchezo tena. Maji peke yake yakaendelea na kazi. Abigaëlle akabaki na mguu hewani, kisha akaurudisha taratibu pale ulipotoka, akakumbatia mwamba, akafumba macho. Bénit akatia simu mfukoni. Nayasema haya ili ijulikane jinsi kimya kile kilivyokuwa kizito.

Wote wakamtazama Faustin.

Angeweza kusema kitu. Angeweza kusema, chui anaogopa maji, kuya mwalimu. Na yawezekana jiwe lingembeba binti yule mwepesi, na Jumamosi zingebaki zake. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akautazama mkono wake ulionyooshwa, na ukingoni binti aliyefumba macho, anayeomba au anayehesabu dhambi.

Akaurudisha mkono.

"Mwalimu," akasema, "usitie mguu. Rudia nyuma. Polepole. Tracy, mushike."

Kisha akakaa chini, akafungua raba ya kulia. Damu ikamwagika kama maji kutoka kwenye birika. Soksi zote mbili zimetoboka. Kifuniko cha soda kilikuwa kimejipachika katika unyayo, kimekaa vizuri, kama medali. Akakigusa kwa kidole cha mkono. Mkono ulisikia bati na baridi. Mguu haukusema kitu. Akautazama kama mguu wa mtu mwingine ambaye amesahau jina lake.

"Sisikie miguu," akawaambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Tangu masika. Na mawe ya mwaka huu sikuyauliza."



Sasa yeye alikuwa upande mmoja wa jiwe, watu wake upande mwingine, na juu yake njia iliyobaki ilikwenda uwandani tu, bila mshuko mwingine. Lazima arudi. Tracy alipomkabidhi Abigaëlle kwa Bénit, alivua viatu vyake, kucha nyekundu zikatokea kwenye mwamba mweusi, akaingia ukingoni pekupeku.

"Nifundishe," akasema.

"Uliza."

Akalisukuma jiwe kwa kidole gumba. "Hili inacheza."

"Liache. Uliza la chini, kwa ndani, iko inafunikwa na mayi."

Akatumbukiza mguu hadi gotini, akauma meno, akangoja. "Hili... haicheze. Inajibu."

"Basi nitatia pale."

Akarudi hivyo, yeye aliyekuwa akitangulia, akiongozwa na msusi wa Kampemba. "Mguu wa kushoto, Baba. Zaidi. Hapo. Sasa mukono. Sasa wa kulia, Baba, hapana, bado, sasa." Kila aliposema "Baba" alikuwa na adabu kamili, na kila "Baba" ilimwangukia Faustin kama sepetu ya udongo wa kaburini. Alifika. Hakuna aliyeshangilia.

Sudi aliwaona wakishuka kabla ya wakati, kimya, bila wimbo, akajua. Akamkalisha Faustin mlangoni mwa basi, akang'oa kifuniko, akamwosha mguu kwa birika lake la udhu, akaufunga kwa shuka safi.

"Ulinidanganya," akasema. "Hukukuya kuuliza mawe."

"Ndiyo."

"Nilijua. Hakuna gari lingine linapanda huku."

"Mbona ulinyamaza?"

Sudi akakaza fundo. "Nilingojea unieleze weye mwenyewe," akasema, akaenda kuwasha gari.

Njia nzima Tracy hakumtania. Kambove walipita bila chai. Akashuka Kampemba, akainama dirishani, akasema, "Kwaheri, Baba," na Faustin akaitikia kama anavyoitikia marehemu.

Mguu haukukatwa, safari hii. Muuguzi alisema "safari hii" mara mbili, na mara hii hakumtaka afumbe macho. Faustin akakaa na bandeji kando ya beseni lake, mguu juu ya tairi, anaziba matundu ya wengine. Bénit akapiga simu mwezi uliofuata: kazini wameiona video, wanataka Kyamulenga, watu wengi.

"Sipande tena," Faustin akasema.

"Basi atupandishe nani, vieux?"

"Sijue. Atakayekwenda kwanza peke yake, pekupeku, akayaulize mawe yote. Mukipata mutu wa vile, fuateni. Mukikosa, kaeni nyumbani."

Akazima simu. Alitazamia kuumia. Akangoja, kama anavyongoja povu. Hakuna kilichotoka.

Siku hiyohiyo Tracy alitokea, kuku mweupe kwapani, kitenge kimefungwa vizuri kama anakwenda kuposa. Akapita moja kwa moja hadi kwa Honorine, akapiga magoti, akamkabidhi kuku.

"Mama, kifuniko ni miye nilitia. Nisamehe."

Honorine akampokea kuku, akampima uzito kwa mkono. Haya mambo yana utaratibu.

"Masika nzima nimesema," akajibu. "Kifuniko cha soda kimesema mara moja. Ikala chini, nalete chai."

Tracy akamgeukia Faustin, akainamisha kichwa.

"Jambo, Baba. Mguu unaendelea je, Baba?"

Faustin aliendelea kuzungusha mpira kwenye beseni. Povu likapanda, akaweka alama ya chaki.

"Munungwe," akasema bila kuinua macho, "umenizika?"

Tracy akainua kichwa. Pikipiki zikapita, mhubiri wa jirani akajaribu kipaza sauti chake, moja, mbili, Yesu. Kisha msusi akavuta tairi, akalikalia bila kukaribishwa, akakunja pua.

"Mbuzi," akasema, "harufu yako nimeipata tangu ku barabara. Mutu hajafa na ananuka vile, akikufa itakuwa je? Tutahamisha Kenya muzima?"

"Chui akikosa meno anabakia na pua."

"Na miguu! Miguu minne Mungu alikupa, umebakiza ya kuchongwa. Sogeza hiyo bandeji, inatisha wateja."

Akaendelea hivyo. Hakumwacha na kitu, masikio, kompresa, ukoo mzima hadi babu. Wapita njia wakasimama kusikiliza. Honorine akatoka na vikombe vya bati, chai imetoka motoni sasa hivi, akampa mumewe chake. Faustin akakipokea kwa viganja vyote viwili, bati likamchoma.

"Weka chini, mbuzi!" Tracy akapiga kelele. "Utaungua! Iko moto!"

"Nasikia," Faustin akasema.

Hakukiweka chini.